Mwendo Nao Uandikwe Chetini: Barua ya Wazi kwa Matabibu na Wauguzi wa Kliniki za Kisukari

Kwa Waheshimiwa Mabibi na Mabwana, matabibu, wauguzi na wafamasia mnaohudumu katika kliniki za kisukari za Unguja na Pemba.

Naomba idhini ya kuwaandikia hadharani jambo ambalo ningaliweza kumwambia mmoja wenu faraghani, lakini ambalo, kwa kuwa si aibu ya mtu mmoja wala upungufu wa kliniki moja, nimeona lafaa lisemwe mbele ya wote, ili kila mwenye jawabu apate nafasi ya kulitoa na kila mwenye haja ya jawabu apate kulisikia.

Mimi ni mwalimu mstaafu, na ni mmoja wa watu wenu. Nina daftari la kliniki lililochakaa pembe, nina vidonge vyangu, nina tarehe yangu ya kurudi, na ninazo asubuhi nyingi nilizokaa juu ya benchi nikingoja jina langu liitwe, huku nikipata habari za miguu ya watu, macho ya watu, na hata ndoa za watu, maana asiyezipata habari za mji katika benchi la kliniki ya sukari hatazipata kokote. Katika kukaa huko ndiko nilikotambua tofauti iliyonifanya nishike kalamu. Mgonjwa atokapo kwa tabibu hushika cheti, na katika cheti hicho dawa ya kidonge imeandikwa kwa jina lake, kwa uzito wake wa miligramu, kwa idadi yake, kwa saa zake na kwa siku zake. Tena afikapo dirishani mfamasia humkariria: kimoja asubuhi baada ya chai, kimoja usiku baada ya chakula, usikose, usizidishe, na ukiona kadha wa kadha urudi upesi. Ama dawa ya mwendo, ambayo nyinyi wenyewe mwakiri kwamba ni nusu ya tiba, husemwa kwa maneno matatu, "na mazoezi ufanye," nayo husemwa mwisho kabisa, mkono wa tabibu ukiwa umekwisha kulifikia faili la mwingine. Mgonjwa hujibu "inshallah" na kutoka, na hapo ndipo habari ya mazoezi inapokwisha hadi miezi mitatu mingine.

Ombi langu ni moja, nalo ni hili: zoezi nalo liandikwe. Liandikwe aina yake, dakika zake, saa yake, siku zake na hadhari zake, kwa wino uleule unaoandikia vidonge, juu ya karatasi ileile, na mgonjwa arudipo aulizwe habari zake kama aulizwavyo habari za vidonge.

Nyinyi mwajua kuliko mimi jinsi mazoezi yafanyavyo kazi mwilini, lakini kwa kuwa barua hii itasomwa na wasio matabibu, mtanisamehe nikilieleza kwa lugha ya benchi. Chakula cha wanga kikiisha kusagwa tumboni huingia damuni kwa sura ya sukari, na sukari ikibaki damuni haina faida bali madhara; faida yake ni kuingia katika viungo, hasa katika misuli, ikageuzwa kuwa nguvu. Insulini, ambayo ilipatikana Toronto mwaka 1921 na kudungwa mgonjwa kwa mara ya kwanza Januari ya mwaka 1922, ni bawabu wa mlango huo: yeye hubisha, na mlango hufunguliwa. Katika kisukari cha utu uzima, ambacho ndicho kilicho kingi miongoni mwetu, bawabu aghalabu yupo, ila wa ndani hawamsikii. Hubisha hata akachoka, na sukari hujaa barazani kwa kukosa pa kuingilia. Hikima ya mazoezi ni kwamba msuli unaofanya kazi haungoji kubishiwa. Hufungua wenyewe kutoka ndani: zile njia za kupitishia sukari, ambazo wataalamu wameziita GLUT4, huletwa hadi kwenye ukuta wa seli kwa nguvu ya kule kujikunja na kujikunjua kwa msuli, na sukari ikapita hata pale ambapo bawabu alikuwa hasikilizwi. Tena si hayo tu, kwa kuwa baada ya msuli kupumzika, kwa muda wa siku moja na pengine hadi mbili, masikio ya wa ndani huwa mepesi, na insulini ileile iliyokuwa haitoshi ikafanya kazi kubwa zaidi.

Katika maelezo hayo mna neno moja ambalo laiti lingeandikwa juu ya mlango wa kila kliniki, nalo ni kwamba athari ya zoezi ina mwisho wake, kama ilivyo athari ya kidonge. Kwa sababu hiyo ndiyo wataalamu wakaagiza kwamba zisipite siku zaidi ya mbili mfululizo pasipo zoezi. Tuna desturi njema hapa petu ya kukusanyika kila mwaka tarehe 1 Januari kwa mazoezi ya viungo, wakubwa kwa wadogo, vikundi kutoka kila wilaya kwa fulana za rangi zao. Nami naipenda siku hiyo, na kwa hakika hupendeza kuwaona viongozi nao wakitoka jasho. Lakini sukari iliyo damuni tarehe 4 haina habari na jasho la tarehe 1. Mgonjwa ambaye hakuandikiwa siku zake hudhani kwamba amelipa deni la mwaka mzima, wala si haki kumlaumu, maana hakuna aliyemwambia kwamba dawa hii huisha nguvu.

Ikiwa patatokea mmoja wenu wa kuniuliza burhani ya kwamba kuandika kuna faida kuliko kusema, burhani ipo, tena imetoka katika majarida yenu wenyewe. Mwaka 2011 jarida la JAMA la Marekani lilichapisha kazi ya watafiti wa Brazil waliozikusanya tafiti nyingi zilizotangulia na kuzipima pamoja, wakitazama kile kipimo cha miezi mitatu mkiitacho HbA1c. Walioongozwa katika zoezi lililopangwa, lenye siku na saa na kadiri, kipimo chao kilishuka kwa wastani wa pointi 0.67, na wale ambao zoezi lao lililopangwa lilizidi dakika 150 kwa juma kilishuka kwa 0.89, jambo ambalo kidonge kingi kingeona fahari kulifanya. Ama wale waliopewa nasaha tupu ya kwamba wajitahidi kuutia mwili katika harakati, pasipo nasaha ya chakula kufuatana nayo, hawakuonekana kupata nafuu katika kipimo hicho. Someni tena jambo hilo, waheshimiwa: nasaha ya mdomo peke yake haikushusha kitu. Kumbe yale maneno matatu tunayoambiwa mwisho wa zamu yetu yamekwisha kupimwa kwa mizani ya ilimu, na mizani haikutikisika.

Wala hili la kuyahesabu mazoezi kuwa dawa si jambo jipya. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, ambaye katika Al-Qanun alieleza habari za maradhi haya na utamu wa mkojo wa wenye nayo, aliitaja riadha pamoja na chakula na usingizi katika mambo ya kuhifadhi siha. Na Elliott Joslin wa Boston, mwalimu mkubwa wa matabibu wa kisukari katika karne iliyopita, hata baada ya insulini kupatikana aliendelea kufundisha kwamba tiba ni vitu vitatu, chakula, insulini na mazoezi. Zilizokuja baadaye ni hesabu. Katika mji wa Da Qing huko China, mwaka 1986, watu 577 ambao sukari yao ilikwisha anza kupanda lakini hawajawa wagonjwa waligawanywa kwa kliniki zao: wengine hawakupewa agizo maalumu, wengine walipewa la chakula, wengine la mazoezi, na wengine yote mawili. Baada ya miaka sita, kati ya kila mia wa wale wasiopewa agizo, wapatao 68 walikuwa wamekwisha kuingia katika ugonjwa, ilhali katika wale wa mazoezi walikuwa 41. Na Marekani, mwaka 2002, ilichapishwa habari ya watu 3,234 wa hali kama hiyo. Walioagizwa dakika 150 za harakati kwa juma pamoja na kupunguza uzito wao kwa asilimia 7 walipunguziwa hatari ya kuugua kwa asilimia 58, na waliopewa metfomini, kidonge kilekile tunachokitia vinywani kila siku, walipunguziwa kwa asilimia 31.

Nitaongeza ushahidi mmoja wa karibu, kwa kuwa najua kuna watu ambao kila kilichofanywa ng'ambo hukisikiliza kwa sikio moja. Mwaka 1989 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Donald McLarty, tabibu aliyefundisha Muhimbili, na wenzake, uliofanywa katika vijiji sita vya Tanzania Bara. Nao ulionyesha kwamba kati ya kila watu wazima mia wa vijiji hivyo hakutimia hata mmoja mwenye kisukari. Sidai kwamba jembe peke yake ndilo lililowahifadhi, maana chakula chao kilikuwa kingine, uzito wao mwingine na umri wao wa kuishi mwingine. Nasema tu kwamba watu wale hawakuhitaji kuandikiwa mwendo, kwa sababu maisha yenyewe yaliwaandikia. Sisi wa mjini maisha yametuandikia kiti. Gari hutufikisha mlangoni, maji hutufikia jikoni, nazi huja imekunwa, na bodaboda humpeleka mtu dukani mahali ambapo mama yake alikwenda kwa miguu akarudi kabla maji hayajachemka.

Basi cheti hicho kiandikwe nini? Naeleza kama mgonjwa aelewavyo, nanyi mtasahihisha. Kadiri inayokubalika na Shirika la Afya Duniani na vyama vya kisukari kwa mtu mzima ni dakika 150 kwa juma za mwendo wa haraka kiasi, na hizo zikigawanywa ni dakika 30 kwa siku tano. Haraka kiasi maana yake nini? Walimu wa mazoezi wana kipimo kisichohitaji chombo: mtu awe aweza kuzungumza lakini hawezi kuimba, na katika mji huu wa taarabu hakuna asiyeweza kujipima kwa kipimo hicho. Fauka ya mwendo, mara mbili au tatu kwa juma, kuwe na zoezi la nguvu, kwa kuwa msuli ndio unaopokea sukari na msuli ulionyauka hupokea kidogo. Na zoezi hilo halihitaji vyuma vya dukani, maana ndoo ndogo ya maji huinuliwa, na mzee wa miaka sabini aweza kuinuka na kuketi kitini mara kumi pasipo kushika kitu, akapumzika, akarudia.

Lakini katika yote, lililonifurahisha zaidi kulisoma ni habari ya saa. Huko New Zealand, katika Chuo Kikuu cha Otago, watafiti waliwachukua wagonjwa 41 wa kisukari cha utu uzima wakawaagiza kwa zamu agizo la namna mbili: kwanza dakika 30 kwa siku wakati wowote wapendao, na pili dakika 10 baada ya kila mlo mkuu, jumla ni ileile. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2016. Dakika kumi za baada ya mlo zilishusha sukari ya baada ya chakula kwa asilimia 12 zaidi, na baada ya chakula cha jioni, ambacho ndicho kilichokuwa na wanga mwingi na kukaa kwingi, kwa asilimia 22. Zingatieni jinsi habari hiyo inavyotufaa sisi. Jioni yetu ni ya wali, chapati, mkate wa kumimina, mbaazi za nazi, na baada yake mkeka na televisheni. Laiti mzee mmoja angeandikiwa katika cheti chake: "Kula baada ya magharibi, kisha uende isha kwa miguu katika msikiti usio wa mlangoni pako," angekuwa amepewa dawa ambayo saa yake yaadhiniwa, haisahauliki, haina bei, na ambayo masheikh walikwisha kumwambia zamani kwamba kila hatua yake ina ujira.

Na baraza je? Nitalisema kwa hofu, maana wenzangu wa kahawa watasoma. Chama cha Kisukari cha Marekani kiliagiza mwaka 2016 kwamba mtu asikae zaidi ya nusu saa pasipo kuinuka akajinyoosha au akatembea dakika chache. Sisi huketi tangu baada ya alasiri hata jua likazama, na anayeinuka ni muuza kahawa peke yake, ambaye kwa hiyo huenda ndiye pekee barazani anayetibiwa. Sitaki baraza livunjwe. Hapana, mji usio na baraza si mji. Nataka wachezaji wa bao wakimaliza mchezo mmoja wainuke waende hadi pembe ya mtaa warudi, na mshinde akapate huko nafasi ya kutafuta visingizio vyake.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye dhuluma kubwa zaidi katika yale maneno matatu, nalo ni hali ya wanawake. Bibi wa makamo aambiwapo "fanya mazoezi" huona mbele ya macho yake vijana wenye raba na suruali za michezo wakikimbia katika viwanja vya Maisara, na papo hapo huamua moyoni kwamba maneno hayo hayamhusu. Wengine husema, "Mimi kutwa nzima nafanya kazi ya nyumba, mazoezi gani tena?" Hilo ni swali la haki, lataka jawabu la tabibu, wala si kutikisa kichwa. Kupiga deki kwa kuinama na kuinuka, kufua kwa mikono, kutwanga kwa mchi mpaka pumzi ikapanda, hayo yamo katika hesabu. Kuketi juu ya mbuzi kukuna nazi, kuchambua mchele na kukaanga vitumbua mbele ya jiko hakumo, ijapokuwa huchosha, kwa kuwa uchovu ni kitu kimoja na harakati ya misuli mikubwa ni kitu kingine. Anayejua tofauti hiyo aweza kujipimia siku yake. Asiyeijua hujisifu kwa uchovu na sukari yake ikapanda vilevile.

Kisha mwanamke huyo atatembea wapi, na saa ngapi, na kwa heshima gani? Wako wanaotoka alfajiri kwa makundi, wakiwa na mabuibui yao na raba chini yake, wakazunguka na kurudi kabla watoto hawajaamka kwa chuo, na nawapa heko. Lakini wako wasioweza kutoka, mwenye mgonjwa ndani, mwenye wajukuu, au mwenye mume asiyeridhia. Kwao cheti chaweza kusema uani: dakika kumi za kuzunguka ua baada ya chakula cha mchana, au kupanda na kushuka ngazi kwa nyumba zetu zile za Mji Mkongwe ambazo ngazi zake ni tiba tosha. Wala sioni kwa nini chakacha isiandikwe. Makungwi wetu wamekaa na wari kwa miaka mingi wakiwafunza kiuno. Basi nusu saa ya ngoma, mlango umefungwa, watu wote ni wanawake, itapandisha pumzi kuliko matembezi mengi, na hakuna tabibu atakayehitaji kumsihi mgonjwa aikamilishe.

Zaidi ya faida, iko sababu ya pili ya kuandika, ambayo ni hatari, na hapa naomba mwongeze makini. Dawa yenye nguvu ya kushusha sukari yaweza kuishusha kupita kiasi. Anayetumia metfomini peke yake si rahisi kupatwa na hilo. Lakini anayejidunga insulini, na anayemeza glibenklamidi, ambayo wengi wetu tunaimeza, akitoka kwenda mwendo mrefu tumbo likiwa tupu huenda sukari yake ikashuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita, akatetemeka, akatoka jasho la baridi, akababaika maneno. Nina jirani yangu aliyepatwa na hayo njiani asubuhi moja baada ya kusikia kwamba mazoezi yafaa kabla ya kula. Waliompita wengine walidhani amelewa, na wengine walidhani ana shetani kichwani, mpaka alipotokea mwanamke mmoja mwenye akili aliyemnywesha maji ya muwa. Yeye aliambiwa afanye mazoezi. Hakuambiwa apime kwanza, na kwamba ikiwa iko chini ya 5 ale kitu cha wanga kabla ya kutoka. Hakuambiwa atie tende au glukosi mfukoni. Hakuambiwa kwamba baada ya zoezi kubwa la jioni sukari yaweza kushuka usiku wa manane akiwa usingizini. Na kwa upande wa pili, mwenye sukari iliyopanda kupita 13.9, hasa yule wa insulini, naye yuko hali mbaya na ana ketoni katika mkojo, asitoke kabisa, maana kwake zoezi huzidisha uharibifu.

Ya miguu nayo mwayajua, kwa kuwa ndiyo yanayojaza wodi. Mtu ambaye ganzi imempanda hata hausikii moto wa mchanga wa saa saba mchana haambiwi "tembea" akaachwa aende na kandambili. Aandikiwe kiatu kilichofunikwa mbele, kisichobana, na soksi. Akung'ute kiatu kabla ya kukivaa. Na usiku atazame nyayo zake, au ikiwa macho hayafiki, mjukuu amtazamie. Mwenye kidonda asiandikiwe mwendo, aandikiwe mazoezi ya mikono akiwa ameketi. Mwenye macho yaliyoambiwa yana mishipa inayovuja asiandikiwe kuinua mizigo kwa kukaza pumzi. Mwenye kubanwa na kifua anapopanda ngazi apimwe moyo kwanza. Haya yote hayawezi kuingia ndani ya maneno matatu, hata yasemwe kwa sauti gani.

Juu ya Ramadhani nitasema kidogo, kwa kuwa mwezi huo mna miongozo yake: mwenye kufunga asijitie katika zoezi la nguvu saa za mwisho kabla ya kufuturu, na sala ya tarawehe, kwa rukuu zake na sijida zake, ihesabiwe ndani ya zoezi la siku. Ila mwenye glibenklamidi au insulini ambaye ataswali tarawehe zote ishirini baada ya kufuturu kwa tende moja na maji, huyo anahitaji kuandikiwa maneno yake kabla ya mwezi kuandama.

Najua mtakalosema. Mtasema wagonjwa ni wengi na tabibu ni mmoja, na kila mgonjwa ana dakika zake chache. Ni kweli, nami nimeyaona kwa macho yangu. Lakini sikutaka tabibu ndiye aandike yote. Chapeni karatasi nusu ukurasa, yenye nafasi za kujaza aina, dakika, saa, siku na hadhari, na muuguzi aijaze wakati wa kupima presha; huko New Zealand, tangu miaka ya 1990, madaktari huandika agizo la mazoezi katika kile wakiitacho Cheti cha Kijani, nao hawana saa zaidi ya zetu. Mtasema pia kwamba mgonjwa hatii. Huenda. Lakini vidonge navyo kuna wasiovitii, na hamkuacha kuviandika.

Na ikiwa mwataka kumsadikisha asiyesadiki, benchi lenyewe ni darasa. Twafika alfajiri na kuondoka karibu na adhuhuri, na muda wote huo tumekaa. Siku moja katika mwezi, wale waliokwisha kupimwa, wakapata chai yao na vidonge vyao, na ambao miguu na mioyo yao yaruhusu, wachukuliwe na muuguzi wazunguke uwanja wa hospitali kwa dakika ishirini, mmoja wao akiwa amepimwa kabla ya kuanza na kupimwa tena baada ya kumaliza, mbele ya wenzake. Gharama yake ni vikaratasi viwili vya kupimia. Vikaratasi hivyo ni ghali, najua, maana mwenyewe hununua. Ila nimesimama mbele ya madarasa kwa miaka mingi, na sijaona hotuba iliyopata kuishinda namba ambayo mwanafunzi ameiona ikishuka kwa macho yake.

Tarehe 14 Novemba, siku ya kisukari duniani, inakuja kama ijavyo kila mwaka, pamoja na mabango na hotuba zake. Naomba mwaka huu fungu moja la fedha za mabango linunue ream chache za karatasi kwa ajili ya cheti hicho, na kianze kutolewa siku hiyohiyo, hata ikiwa ni katika kliniki moja ya Unguja na moja ya Pemba kwa majaribio. Mkihitaji mtu wa kusoma rasimu yake kwa macho ya mgonjwa, ili isije ikaandikwa kwa lugha ambayo bibi wa Makunduchi au mzee wa Micheweni hataielewa, mimi nipo, na kazi ya kusahihisha maandishi ya watu nimeifanya aushi yangu yote pasipo kuichoka.

Wasalaam, na kwa heshima nyingi,

Ni mimi mgonjwa wenu,
Mwalimu mstaafu, Unguja.